Walivyonihamishia samaki kwenye tangi kubwa, Kampala: uzoefu wangu baada ya wiki sita

Nimengoja wiki sita ndipo niandike. Vijana walionihamishia samaki, siku ya kuhama ningewapa nyota tano, siku ya nne ningewapa matusi. Sasa maji yametulia, na mimi nimetulia.

Tangi langu la zamani lilikuwa la lita 60, nimekaa nalo miaka mitatu hapa Kisaasi. Lilikuwa limeshiba mimea na samaki. Anubiasi zimelikumbatia gogo, kriptokorini zimefunga mbele kama tuta la mchicha, valisneria zimerefuka mpaka zikalala juu ya maji. Ndani mna neoni tetra 12, koridora watano, gapi ambao nimeacha kuwahesabu maana wanazaa kila uchao, na pleko mmoja mwenye ndevu ambaye mwanangu Zaki anamwita Babu.

Tangi jipya nilitengenezewa na fundi wa vioo: urefu sentimita 120, upana 45, kimo 45, kioo cha milimita 10. Ukilijaza hadi ukingoni ni lita 243. Piga hesabu ya uzito kabla hujaagiza: maji peke yake kilo 243, kioo karibu 50, changarawe na mawe juu yake, unagonga kilo 350 hivi. Meza ya televisheni haibebi hiyo. Stendi nilichomelewa Katwe, na yule mchomeleaji sina neno naye. Niliweka pimamaji juu, kiputo kikakaa katikati. Fundi wa kioo naye nilimbana kuhusu silikoni, kwa sababu silikoni nyingi za bafuni zimetiwa dawa ya kuzuia ukungu na dawa hiyo huua samaki. Hakununa. Alinipa bomba la silikoni nisome mwenyewe. Tuliacha wiki nzima mpaka ile harufu ya siki ikaisha, tukalijaza maji barazani siku mbili. Halikuvuja hata tone.

Sasa kuhusu kuhamisha. Mume wangu yuko safarini, mgongo wangu si wa kuinamia ndoo, kwa hiyo nikawaita vijana wawili wanaouza samaki na kufanya kazi hizi za matangi. Jina la biashara yao sitalitaja. Bei yao ilikuwa shilingi 180,000, walifika saa tatu kama walivyosema, na kwa Kampala na foleni zake hilo nimelihesabu.

Walianza vizuri, tena vizuri sana. Samaki waliingia kwenye ndoo mbili zenye vifuniko, kila moja na pampu ndogo ya hewa ya betri. Mimea ikafungwa kwenye magazeti yaliyolowa. Changarawe waliichota kidogo kidogo. Ilipofika ya chini likatoka wingu la kahawia na harufu ya yai bovu, wakaisuuza kwa maji ya tangi lenyewe. Na yale maji ya zamani waliyatunza kama maji ya Zamzam: jerikani tatu za njano, hawakumwaga hata kikombe. "Nnyabo, bakteria wako wote wamo humu," aliniambia yule mkubwa, akipigapiga jerikani.

Nikaenda jikoni kuwachemshia chai.

Narudi na sinia, namkuta barazani amechuchumaa chini ya bomba, anakamua sponji ya chujio langu. Sponji iliyokuwa nyeusi kama ugoro imekuwa ya njano, mpya kabisa, kama imetoka dukani leo. Vile vipande vya kauri vya ndani ya chujio alikuwa ameshavisugua, akavianika juani kwenye gunia. Akaniinulia ile sponji kwa fahari. "Ilikuwa chafu sana, mama!"

Ule uchafu ndio niliokuwa nimeufuga miaka mitatu. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia. Bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, wengine wakaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mimea inaila na samaki wanaivumilia. Hizo mbili za kwanza ni sumu. Na bakteria hawa hawaelei majini kwa wingi. Wanajishika kwenye sponji, kwenye kauri, kwenye changarawe. Maji ya bomba yana klorini, na kazi ya klorini ni kuua vijidudu. Jua lilimalizia waliobaki kwenye kauri. Yaani jerikani zile tatu alizozilinda zilikuwa karibu tupu, na utajiri wote umeshaingia mtaroni.

Nilimweleza, sikumfokea. Alishangaa kwa dhati. Sidhani alinidharau, mtu amefundishwa kwamba kitu kisafi ni kizuri.

Wakamaliza kazi. Maji mapya yalikuwa yangu, nilikuwa nimeyatuliza kwenye mapipa siku mbili huku pampu ya hewa ikiyapulizia mapovu ili klorini itoke. Samaki waliingizwa taratibu, bakuli kwa bakuli. Tukahesabu, Babu hayupo. Tulitafuta kwenye ndoo, kwenye magazeti, mpaka chini ya kochi. Zaki ndiye aliyechungulia tundu la lile gogo lililokuwa limelazwa sakafuni kwa saa nzima limefunikwa gunia bichi. Babu alikuwa ndani, amejibana, anatutazama. Tulimrudisha na gogo lake na jioni alikuwa anakula tango. Ukiwa na pleko, kagua magogo kwanza.

Siku ya tatu kipimo cha matone kilionyesha amonia miligramu 0.5 kwa lita. Siku ya sita nitriti ikafika 1. Neoni walianza kupumua juu juu karibu na uso wa maji, na nikawapoteza watano ndani ya siku nne. Gapi hawakujali chochote, wale wataishi hata kwenye kikombe. Nilibadilisha theluthi ya maji kila siku, chakula nikapunguza kuwa chembe chache siku moja ndiyo moja sio. Rafiki yangu wa Bukoto alinitumia sponji yake kuukuu kwa bodaboda, ndani ya mfuko wenye maji, nikaikamulia juu ya chujio langu. Maji yakawa tope kwa usiku mzima na mume wangu kwenye simu ya video akauliza kama nafuga kambare. Jirani alinishauri nikang'oe magugu ya ziwani Ggaba yanyonye amonia. Magugu yananyonya kweli, lakini sitaki konokono wa Ziwa Viktoria ndani ya nyumba, maana wamo wanaobeba kichocho.

Vijana niliwapigia siku ya tano. Walikuja bure, wakaomba radhi, wakaniletea neoni sita wa kufidia. Niliwarudisha nao: tangi lenye nitriti haliongezwi samaki. Waliwaleta tena wiki ya tano, nitriti ilipokuwa sifuri, na hapo niliwapokea.

Kriptokorini zote ziliyeyuka majani wiki ya kwanza, zikawa kama mlenda. Hiyo siwalaumu, ndiyo tabia yake zikihamishwa. Niliacha mizizi, na leo kila shina lina majani mawili matatu.

Kioo na stendi: nyota tano. Vijana: tatu na nusu, na ile nusu ni ya kurudi bila kuvutana. Nitawaita tena tukihama nyumba mwakani, ila sponji itakuwa kwenye ndoo yangu, chumbani kwangu, mlango umefungwa.