Nilichokipata katika Masomo ya Uzamili ya Biashara, na Nilichokikosa

Wengi wanaoandika kuhusu shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara huzungumzia jina la chuo, mshahara unaofuata na watu wanaofahamiana nao darasani. Mimi nimeimaliza shahada hiyo kwa miaka miwili ya masomo ya jioni, huku nikiwa kazini, na ninachotaka kukipima hapa ni kile ambacho mara nyingi husahaulika: masomo yenyewe, yaani mihadhara, mazoezi, kazi za kundi na mitihani ambayo mwanafunzi hulipia ada. Kwa jumla nimeridhika, lakini kuridhika kwangu kumegawanyika vibaya. Somo lilinifaa kwa kadiri lilivyonilazimisha kutoa jibu ambalo lingeweza kuonekana kuwa si sahihi. Pale nilipotakiwa kukokotoa, kuamua na kuutetea uamuzi wangu mbele ya wenzangu, nilijifunza. Pale nilipotakiwa kuorodhesha hoja tu, nilipata alama nzuri na nikatoka mikono mitupu.

Nianze na uhasibu, somo nililoliogopa kuliko yote na ambalo leo ningeliweka mbele ya yote. Utaratibu wa kuandika kila muamala pande mbili, upande wa debiti na upande wa krediti, ulielezwa katika kitabu alichokichapisha Luca Pacioli mjini Venice mwaka 1494, na kwa majuma mawili ya kwanza nilidhani tungebaki huko huko, tukijaza madaftari. Katika juma la tatu mhadhiri alitupa biashara ya kubuni yenye fedha taslimu milioni 150 na wateja wanaoongezeka. Mwezi wa kwanza inauza bidhaa za milioni 100, mwezi wa pili milioni 120, na bidhaa hizo inazinunua kwa asilimia 70 ya bei ya kuuzia. Wanaoiuzia hudai fedha papo hapo, ilhali wateja wake hulipa baada ya siku 90. Tuliulizwa swali moja tu: mwishoni mwa mwezi wa pili, biashara hii iko katika hali gani? Nilikokotoa faida nikapata milioni 66, nikaandika kwa kujiamini kwamba inastawi. Kisha mhadhiri akatutaka tufuate fedha zenyewe, tuyaache mauzo pembeni. Zilizotoka zilikuwa milioni 70 na milioni 84, jumla milioni 154. Iliyoingia ilikuwa sifuri, kwa kuwa hakuna mteja ambaye siku zake zilikuwa zimetimia. Biashara yenye faida ya milioni 66 ilikuwa imepungukiwa milioni 4 na isingeweza kumlipa hata mlinzi wa mlangoni, na kadiri ilivyouza zaidi ndivyo shimo lilivyozidi kuchimbika.

Nilikuwa nimefanya kazi ofisini kwa miaka kadhaa nikilisikia neno ukwasi, yaani uwezo wa kulipa madeni kwa fedha zilizopo mkononi, katika vikao, na sikuwahi kuliona kwa macho mpaka jioni ile. Kesho yake nilifungua taarifa za idara yangu nikaanza kuzisoma kutoka kwenye mtiririko wa fedha, na mpaka leo ndivyo ninavyozisoma. Kwa somo hili sina lawama ila moja: uchakavu wa mali na kodi zilizoahirishwa zilifundishwa kwa haraka mno katika vipindi viwili vya mwisho, wakati ambapo kila mtu alikuwa ameanza kuufikiria mtihani.

Usimamizi wa fedha ulifuata muhula wa pili, na huko nilikosea kosa ambalo bado ninalishukuru. Zoezi lilihusu mradi unaohitaji milioni 200 leo na unaotarajiwa kurudisha milioni 90 kila mwaka kwa miaka mitatu. Kabla ya hapo kampuni ilikuwa imekwisha kutumia milioni 40 kufanya utafiti wa bidhaa. Nilijumlisha zote, nikapunguza mapato ya baadaye kwa kiwango cha asilimia 12 kwa kila mwaka wa kuyasubiri, nikapata thamani halisi ya sasa, yaani thamani ya leo ya mapato hayo ikitolewa gharama, iliyo chini ya sifuri kwa milioni 24 hivi, nikapendekeza mradi ukataliwe. Karatasi ilirudi ikiwa na swali moja lililoandikwa kwa kalamu nyekundu pembeni ya zile milioni 40: «Zitarudi ukiukataa?» Hazirudi, bila shaka. Zimekwisha kwenda, mradi ukubaliwe au ukataliwe, kwa hiyo hazina nafasi katika uamuzi. Ukiziondoa, mradi huo huo unaongeza thamani ya milioni 16. Nadhani swali lile lenye maneno mawili lilinifunza zaidi kuliko sura nzima ya kitabu cha kiada, kwa sababu lilinikuta nimekwisha kujifunga kwa jibu.

Hata hivyo, katika somo hili hili ndipo upungufu mkubwa wa mitaala ya aina hii unapoonekana. Kile kiwango cha asilimia 12 tulipewa, hatukukitafuta. Mtu akitumia asilimia 18 badala ya 12, mradi ule unageuka kutoka kuongeza milioni 16 hadi kupoteza milioni 4, maana yake ni kwamba uamuzi wote umekaa juu ya tarakimu ambayo hatukuwahi kuijadili. Kanuni aliyoitoa mwanauchumi William Sharpe mwaka 1964, inayohusisha faida inayotarajiwa na hatari ya soko na inayotumika kukitafuta kiwango kama hicho, tulifundishwa jioni moja, tukaikariri, tukaitumia katika mtihani. Hakuna aliyetutaka tuchukue kampuni halisi, tupendekeze kiwango chake, kisha tukitetee mbele ya mtu anayetaka kukibomoa. Ningekubali kupoteza vipindi viwili vya nadharia ya muundo wa mtaji, yaani kampuni itumie mikopo kiasi gani na fedha za wenyewe kiasi gani, ili nipate kimoja cha namna hiyo.

Usimamizi wa uendeshaji ni somo ambalo wenzangu wengi walilichagua kwa shingo upande, wakidhani ni la wahandisi. Lilikuwa zuri ajabu. Zoezi la kwanza lilitutuma kukaa mahali penye foleni kwa saa tatu, tukiwa na saa na daftari. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni fupi inayosema kwamba wastani wa watu waliomo ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuingia kwao ikizidishwa kwa muda ambao kila mmoja hukaa humo. Nilikaa karibu na dirisha la huduma nikahesabu watu 30 kwa saa, kila mmoja akikaa takribani dakika 12, yaani sehemu ya tano ya saa. Kanuni inadai kwamba wakati wowote utakapoinua macho utawakuta watu sita kwa wastani. Niliinua macho kila baada ya dakika tano, nikahesabu vichwa, na wastani wangu ulikuwa ukizungukia sita. Ni jambo dogo, lakini kuna furaha ya pekee mtu anapoona hesabu aliyoifanya kwenye karatasi ikisimama mbele yake katika umbo la watu wanaosubiri.

Zoezi la pili lilikuwa ule mchezo maarufu wa usambazaji wa bia uliobuniwa katika chuo cha teknolojia cha MIT, nchini Marekani, kutokana na kazi za Jay Forrester, mtafiti wa mifumo. Wachezaji wanne wanashika nafasi nne za mnyororo mmoja wa ugavi: muuzaji wa rejareja, muuzaji wa jumla, msambazaji na kiwanda. Hawaruhusiwi kuzungumza, kila mmoja anaona tu oda inayotoka kwa jirani yake, na mzigo huchukua majuma kufika. Mimi nilikuwa kiwanda. Kwa majuma machache oda zilikuwa makreti manne manne, kisha zikaanza kupanda: nane, kumi na mbili, ishirini na kuendelea. Niliongeza uzalishaji kwa pupa, nikabaki nyuma, nikaongeza tena. Ghafla oda zikakatika kabisa, nami nikawa nimekalia ghala lililojaa. Nilikuwa na hakika kwamba wateja wa mwisho wamepagawa. Mchezo ulipokwisha, karatasi za mahitaji zikafunuliwa mezani: mteja wa mwisho alipanda kutoka makreti manne hadi manane mara moja, katika juma la tano, na hakubadilika tena hadi mwisho. Mawimbi yote yale yalikuwa yetu wenyewe, yaliyozaliwa na ucheleweshaji na hofu, yakikuzwa katika kila hatua kama ncha ya mjeledi inavyorushwa mbali kwa mtikisiko mdogo wa mkono. Tulinyamaza kwa muda mrefu baada ya hapo, na mhadhiri, kwa hekima, hakuongeza neno.

Takwimu na masoko nitazipita upesi. Takwimu zilifundishwa kwa haraka na kwa data zilizosafishwa mapema, kiasi kwamba nilipokutana na data chafu za kazini sikujua nianzie wapi. Masoko yalifundishwa vizuri na mtu aliyeyapenda, ingawa mtihani uliomba fasili tupu.

Tabia za watu katika taasisi ndilo somo lililonisikitisha, kwa sababu ni somo ambalo meneja analihitaji kila siku. Piramidi ya mahitaji ya binadamu ilionyeshwa ukutani kama mchoro wa mwanasaikolojia Abraham Maslow, ilhali makala yake ya mwaka 1943 haina piramidi yoyote. Ilichorwa na wengine baadaye. Tulifundishwa pia majaribio yaliyofanyika katika kiwanda cha Western Electric karibu na Chicago kati ya mwaka 1924 na 1932, kwamba wafanyakazi waliongeza bidii kila taa ilipobadilishwa kwa sababu tu walijua wanatazamwa. Hakuna aliyetuambia kwamba data za taa zile zilipochambuliwa upya na wanauchumi Steven Levitt na John List, katika makala ya mwaka 2011, ushahidi wa simulizi hiyo ulionekana kuwa dhaifu sana. Niligundua hayo mwenyewe nikiandaa insha. Nilipoyataja darasani, nilijibiwa kwa upole kwamba hayamo katika mtaala. Hilo sikulikubali wakati ule na silikubali sasa: mtu anayefundishwa kuongoza watu anastahili kujua ni yapi kati ya anayoyasikia yamethibitika na ni yapi yanarudiwa kwa mazoea.

Mkakati wa biashara ulikuwa na kasoro ya namna nyingine. Nguvu tano za ushindani alizozieleza Michael Porter mwaka 1979 ni chombo kizuri, kwa kuwa kinakulazimisha kumtazama mnunuzi, anayekuuzia malighafi, mgeni anayetaka kuingia sokoni na bidhaa mbadala, badala ya kumkodolea macho mshindani wako peke yake. Lakini darasani chombo hicho kiligeuka fomu ya kujaza. Tuliandika hoja tatu chini ya kila nguvu, tukapaka rangi jedwali, tukawasilisha, na hatukuulizwa swali ambalo chombo chenyewe kilitengenezwa kulijibu: je, mtu aingie katika soko hili au akae nje? Ilikuwa tofauti tulipojadili visa vya kampuni kwa mtindo ambao chuo cha biashara cha Harvard, kilichoanzishwa mwaka 1908, kilianza kuuendeleza katika miaka ya 1920. Hapo mhadhiri alimtaja mtu mmoja kwa jina, akamtaka aseme angefanya nini, kisha akamgeukia anayepinga. Vipindi vya namna hiyo vilikuwa sita tu katika mwaka mzima, nami ningeweza kuvisimulia vyote sita hata leo.

Kuhusu kazi za kundi lazima niseme wazi, kwa sababu zilibeba karibu theluthi moja ya alama zangu. Tulikuwa watano. Wawili kati yetu tuliandika, mmoja alisaidia alipopata nafasi, na wawili waliobaki tuliwaona siku ya kuwasilisha. Wote tulipata alama sawa. Chuo kilikuwa na fomu ya wanakundi kutathminiana, lakini ilitolewa muhula wa mwisho, baada ya malalamiko ya miaka. Najua hoja ya utetezi, kwamba kazini pia mtu hachagui wenzake, ila kazini kuna mkuu anayeona nani amefika na nani hakufika, na darasani hakuna aliyekuwa akitazama. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba taasisi inayofundisha usimamizi wa utendaji haikuusimamia utendaji uliokuwa mbele ya macho yake.

Tasnifu niliifanya kwa miezi minne, nikifuatilia jinsi biashara ndogo zinavyokusanya madeni kutoka kwa wateja wake, mada iliyotokana moja kwa moja na lile zoezi la juma la tatu. Msimamizi wangu alisoma kila sura na kurudisha maoni kwa wakati, na hilo nalitaja kwa heshima, kwa maana si kila mwenzangu alikuwa na bahati hiyo.

Kabla ya kujiandikisha nilipewa orodha ya masomo na maelezo yake, karatasi kumi na mbili zilizopangwa vizuri, na hazikunisaidia kutofautisha somo la uhasibu lililonibadilisha na somo la mkakati lililonipita. Yote mawili yalielezwa kwa maneno yale yale. Kama ningejua, ningeomba nionyeshwe zoezi moja la kila somo pamoja na karatasi moja iliyosahihishwa, jina la mwanafunzi likiwa limefichwa, ili nione kama mwalimu anauliza swali lenye jibu na kama kalamu yake nyekundu inagusa hoja au inaishia kwenye tarakimu ya alama juu ya ukurasa. Kwa yeyote anayefikiria kulipa ada ya miaka miwili, hilo ndilo ombi ningemshauri alipeleke kwa msajili kabla ya kutia sahihi.