Dereva wa kukodi Delhi hadi Agra: gari safi, ila dereva ana maduka yake

Nianze na duka la marumaru, maana ndilo lililonipandisha presha.

Tulikuwa Delhi na mama kwa matibabu ya goti. Ameshatoka hospitali, tunasubiri daktari amwone mara ya mwisho tupande ndege. Mama akasema hawezi kurudi Tanga watu wamuulize habari za Taj Mahal, lile kaburi la marumaru la Agra, akose la kusema. Jamaa wa pale tulipofikia akatuunganisha na dereva: kwenda alfajiri, kurudi jioni, mafuta, tozo za barabara na maegesho vyote ndani ya bei. La maegesho nililirudia makusudi. Akaitikia.

Tumefika Agra, badala ya kwenda Taj gari likakata kona na kusimama mbele ya jengo lenye mapazia. "Madamu, ukungu mwingi, Taj haionekani. Dakika tano tu humu, kuangalia bure."

Hatujakaa vizuri, chai ya maziwa imeshafika. Kijana kachuchumaa anasaga kipande cha jiwe kwenye gurudumu la kuzungusha kwa mkono, tukaambiwa babu zake ndio waliojenga Taj. (Ukiwasikiliza, Agra nzima ni wajukuu wa mafundi wale.) Kisha taa zikazimwa. Muuzaji akaweka tochi chini ya sahani ya marumaru, ua jekundu lililopachikwa katikati likawaka kama kaa la moto. Pazuri, sikatai. Nikasema hatununui. Akaleta sahani ndogo. Nikasema hatununui. Akaleta kisahani cha sabuni. Mama goti limevimba, mguu kaunyoosha juu ya kiti kingine, na yule bwana anambembeleza, "Mamaji, ya kumbukumbu tu."

Natoka nje namkuta dereva anakunywa chai na mlinzi wa duka, wanacheka. Kumbe ndiyo biashara yenyewe: dereva akileta wageni ana chake, na wakinunua anapata kamisheni. Nilimtolea maneno mpaka mama akanikanya: "Mwanangu, tuko ugenini."

Linaloniudhi zaidi ni kwamba ukungu ulikuwepo kweli. Tunafika langoni, waliotangulia alfajiri wanatoka wamenuna. Wamelipa rupia 1,100 za mgeni, na 200 juu yake za kuingia kaburini, wakaona weupe mtupu. Sisi tuliikuta imefunguka yote mpaka ncha za minara. Sasa nimlaani au nimshukuru?

Nimlaani. Magari ya mafuta hayaruhusiwi kusogea karibu na Taj, dereva anakuacha kwenye maegesho unapanda kigari cha betri. Tunarudi, ananyoosha mkono: hela ya maegesho. Ile ile niliyoirudia Delhi! Nikakataa. Mama akafungua pochi, akampa na ya chai juu yake, eti "kijana wa watu ametuhangaikia."

Na kuhangaika alihangaika, nisiwe mchoyo wa neno. Kiti cha mbele alikisogeza chote ili mama anyooshe mguu, na kwenye barabara kuu ya Yamuna alikuwa anasimama kila mama akisema mguu unavuta, bila kukunja uso. Treni isingesimama. Ndiyo, ile treni ya kasi, Gatimaan, inakufikisha Agra kwa dakika 100 kutoka stesheni ya Nizamuddin, Delhi, na kama una magoti mazima, ipande (Ijumaa haiendi, na Taj siku hiyo imefungwa). Lakini mama na ngazi za stesheni, na umati ule? Halafu ukishuka Agra unapokelewa na bajaji, naye usidhani hana duka lake.

Nilitaka kutoa nyota moja. Gari peke yake natoa tano. Dereva... mama anasema nne, mimi nikikumbuka kile kisahani cha sabuni natoa sifuri. Ningekodi tena? Kwa mgonjwa, ndiyo, hata kesho. Yeye huyo huyo? Mama akinilazimisha.

Ila mwambie kabla hajawasha gari, aliyewaunganisha akiwa anasikia: hakuna duka. Akianza habari za dakika tano, msishuke, maana mkishapewa chai hamtoki humo.