Mtutu mpya wa bunduki: ufunge mwenyewe au umpelekee fundi?

Mtutu huisha. Moto wa baruti huula kidogo kidogo mbele ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, mpaka bunduki iliyokuwa ikiweka risasi tatu mahali pamoja inaanza kuzitawanya. Mtutu wa risasi ya aina ya .308 Winchester huvumilia maelfu ya risasi, lakini wa .300 Winchester Magnum, kwa wingi wa baruti, huwahi kuchoka. Wengine hubadilisha mtutu ukiwa bado mzima, ili tu wahamie risasi ya aina nyingine. Huku Marekani, ambako mitutu huuzwa wazi kwa wawindaji na walenga shabaha, watu huanza kwa kuulizana bei. Mimi ningeanza na bunduki uliyo nayo, maana hiyo ndiyo inayoamua kama kazi ni yako au ya fundi.

Namba moja: Savage, na kazi uifanye nyumbani

Savage 110, bunduki ya kampuni ya Savage iliyosanifiwa na Nicholas Brewer, iliingia sokoni mwaka 1958. Mtutu wake huzungushwa ndani ya mwili wa bunduki, sehemu ya kati inayobeba bolti, kisha nati kubwa huukaza. Lengo lilikuwa kurahisisha kazi kiwandani, lakini anayefaidi zaidi leo ni mtu mwenye jiliwa gereji kwake.

Kinachotafutwa ni nafasi sahihi kati ya uso wa bolti, yaani chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma, na pale risasi inapogota chembani. Unafungua nati, unatoa mtutu wa zamani, unaingiza mpya, unaweka geji ya GO (kipande cha chuma chenye umbo la risasi, cha kipimo cha chini; NO-GO ni cha kipimo cha juu) chembani na kufunga bolti. Zungusha mtutu taratibu hadi uguse geji, kisha kaza nati. Sasa pima upya: bolti lazima ijifunge juu ya GO na ikatae juu ya NO-GO. Kwa .308, GO ya kawaida ni inchi 1.630 na NO-GO ni 1.634, tofauti yenyewe ni unene wa karatasi moja ya daftari. Bolti ikijifunga juu ya NO-GO, legeza nati uanze tena, na usifyatue hata risasi moja. Atakayekushauri utumie risasi mpya na kipande cha selotepu badala ya geji, mshukuru, halafu ununue geji.

Mtutu uliokwisha kuchongwa chemba kwa ajili ya Savage huwa kati ya dola 350 na 600 hivi. Ongeza geji mbili, spana ya nati na vibao vya kushikia mtutu kwenye jiliwa. Kabla ya kulipa, angalia uso wa bolti. Kutoka .308 unaweza kwenda .243 Winchester, 7mm-08 au 6.5 Creedmoor bila kugusa bolti, kwa kuwa makalio ya risasi hizo yana upana mmoja. Ukitaka magnum, bolti nayo itabidi ibadilike. Pima pia shina la mtutu, yaani sehemu inayoingia kwenye mwili wa bunduki: Savage nyingi zina shina dogo la inchi 1.055, lakini zipo za 1.120, na hizo haziingiliani. Mtutu mnene nao unaweza kugoma kukaa kwenye kitako chako. Hakikisha aina ya risasi imechapwa kwenye chuma, na risasi za zamani zihame kabisa kutoka kwenye begi la mawindo.

Namba mbili: fundi na mashine yake ya kukereza

Mwenye Remington 700, iliyotoka mwaka 1962, asijisumbue. Haina nati, mtutu hugota kwa bega lake, yaani ukingo ulio mbele ya nyuzi za kuzungushia, na bega hilo huchongwa kwa vipimo vya mwili wa bunduki hiyo hiyo. Mtutu wa kiwandani huwa umekazwa kweli kweli, na katikati kuna bamba la kupokea teke la bunduki inapofyatuliwa, ambalo lazima likae wima. Kuna mitutu ya nati iliyotengenezwa kwa ajili ya Remington, lakini ule wa zamani bado utakutoa jasho.

Fundi mzuri hunyoosha uso wa mwili wa bunduki, hukagua nyuzi, kisha huchonga chemba. Gharama hupita dola 800 kwa urahisi na foleni inaweza kula miezi. Muulize kama bei inajumuisha unyooshaji huo au ni kukaza mtutu tu. Kwa mashindano ya masafa marefu, hapa ndipo pesa yako iende.

Namba tatu: mtutu wa bega, tayari kufungwa

Kuna miili ya kisasa inayochongwa kwa usahihi mkubwa kiasi kwamba mtengenezaji wa mtutu hahitaji kuiona bunduki yako. Unazungusha, unakaza, unapima kwa geji. Ubora ni wa juu, ila mwili peke yake unaweza kuzidi dola 800, kwa hiyo ni wa anayeanza bunduki mpya.

Mwisho kabisa: mtutu uliotumika

Ni rahisi, na hujui umepitisha risasi ngapi. Kwenye Savage unaweza kujaribu. Kwenye Remington, bega lake lilichongwa kwa bunduki ya mtu mwingine, achana nao.

Sheria ya taifa la Marekani huhesabu mwili kuwa ndiyo bunduki, ndiyo maana mtutu huletwa kwa posta, ingawa majimbo yana masharti yake. Ujerumani mtutu huandikwa kwenye kibali. Ukiwa Kenya au Tanzania, usiagize hata nati kabla ya kuongea na waliokupa leseni.