Mashoka ya zamani Tabora: banda la skrepa kule Ng'ambo, nenda kabla hayajapimwa

Wadau wa vitu vya zamani, kuna watu wananiulizaga sana mashoka nayatoa wapi, kwahiyo acha niandike hapa mara moja. Ni banda la vyuma chakavu Tabora mjini, upande wa Ng'ambo, analo mzee mmoja na vijana wake. Halina kibao, ukifika maeneo hayo ulizia kwa mzee wa skrepa utaonyeshwa. Nimetafuta Urambo, Sikonge mpaka Nzega na kwa upande wa mashoka sijaona sehemu inayolizidi.

Sababu ni kwamba yule mzee anachambua. Sehemu zingine shoka likiingia linarushwa kwenye lundo pamoja na rimu na mabati, linapimwa kilo, basi. Huyu ana pipa kabisa la pembeni anatupia mashoka, matezo na majembe ya zamani, anakuachia ukae chini uchague mwenyewe hata saa nzima, hakusumbui. Ukifika msalimie vizuri, mpe shikamoo yake, ukiweza kumtupia na mwangaluka, ile salamu ya Kinyamwezi, ndo kabisa, anakuvutia kigoda alafu anaanza kukuambia nani kaleta nini.

Na Tabora vyuma vipo, aisee. Mtu wa huku analina asali, anachonga mzinga, anakata kuni za kukaushia tumbaku, yote hayo ni shoka, kwahiyo yamezunguka nyumba kwa nyumba miaka na miaka. Reli imefika hapa 1912 enzi za Mjerumani, baadae Waingereza wakaja na mradi wao wa karanga pale Urambo, ule ulioanza 1947 ukafa 1951, na zana zikaingia nyingi. Ila mzee akikwambia hili ni la reli, hili ni la karanga, sikiliza tu kwa heshima, we angalia muhuri uliogongwa kwenye chuma. Pale nimeshapata Elwell ya Wednesbury na Brades ya Oldbury, zote za viwanda vya Uingereza. Ukikuta kamshale kafupi ka mistari mitatu inayokutana juu, hiyo ilikuwa alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Namba iliyogongwa mara nyingi ni uzito kwa ratili, yaani 4 ni kama kilo moja na gramu mia nane hivi.

Lakini mi nakwambia usiyaruke yale ya kienyeji. Wengi wanakimbilia muhuri wa Ulaya wanayaacha, na kwangu mi haya ndo ya kuhifadhi kwanza. Shoka la mhunzi halina tundu, lina mkia uliochongoka unapita kwenye kichwa kinene cha mpini, kila ukipiga ndo linazidi kujikaza. Ukilishika karibu unaona alama za nyundo upande mmoja na mwingine, hazilingani, unaona kabisa mkono wa mtu ulivyokuwa unafanya kazi. Siku hizi wahunzi wengi wanatumia springi za gari, na ni mazuri pia kwa kazi, ila la zamani lenye mkia mrefu ukilikuta chukua hapohapo.

Sasa tatizo la hili banda, na ni kubwa. Vijana wana grinda na wanadhani wanakusaidia. Wanachukua shoka zuri lina kutu yake ya kawaida, wanalisugua mpaka linang'aa, wanapiga na rangi nyekundu wanaongeza bei. Ukiangalia kwenye makali unaona pamegeuka rangi ya bluu, hapo moto wa grinda umeshalegeza chuma, ukilinoa leo kesho butu, na kulirudisha mpaka upate mhunzi anayejua kulipasha na kulitia maji upya. Nimeshaona shoka lenye muhuri mzuri kabisa limeharibiwa hivyo, iliniuma sana. Kwahiyo mwambie mzee mapema, baba nataka lenye kutu, msinisafishie. Anaelewa, na bei inashuka.

Kutu isikutishe, cha kuangalia ni vitu vingine. Pitisha tupa kwenye makali, ikiteleza chuma kigumu bado kipo, ikishika na kung'ata kirahisi kimelegea au kimeisha, maana mashoka mengi ya zamani mwili ni chuma laini na makali tu ndo yameungwa chuma kigumu, mtu akinoa miaka thelathini anakimaliza chote. Angalia pembeni ya tundu la mpini kama kuna ufa. Angalia kisogo, kama lilitumika kama nyundo kitakuwa kimechanua kama uyoga, na hapo mara nyingi tundu nalo limeshapanuka.

Ukifika nyumbani ni siki tu, loweka usiku na mchana, sugua na brashi ya waya, osha na maji yenye magadi ili kukata ile asidi, kausha haraka, paka mafuta. Ukilitoa kwenye siki ndo unaona kitu kinachonifanya nisiache hii kazi, ule mstari wa maungio ya chuma laini na kigumu unajitokeza, umepinda pinda, upande mmoja mweusi upande mwingine wa kijivu. Makali noa na tupa kwa mkono, malizia na kinoo. Mpini tafuta mlama au mkole uliokauka vizuri, nyuzi za mti ziende urefu wote wa mpini, ukiweka mbichi ndani ya mwezi shoka linacheza hata upige kabari ngapi. Juu ya mpini pakaa nta ya nyuki, ambayo Tabora sio ya kutafuta.

Bei: la kienyeji elfu tatu mpaka nne, lenye muhuri elfu sita mpaka kumi kutegemea na hali yake, lililopita kwenye grinda wanataka kumi na tano na halina thamani hiyo. Nenda na keshi. Kuna vitu vyenye ncha vimezagaa kila mahali kwahiyo vaa viatu vya kufunika, sio ndala. Kwa nyota natoa nne kati ya tano, ile moja nimekata sababu ya grinda.

Ukipenda kitu na huna hela yote, mzee anakuwekea ukitanguliza buku mbili tatu, ila usikae wiki mbili hujarudi, mzigo ukifika wa kujaza gari anapima pipa lote na linaenda kuyeyushwa.