Ualimu msaidizi wa Kiingereza Japani: uzoefu wangu

Nyota tatu kati ya tano. Mbili nimezikata kwa ajili ya mikataba. Watoto na walimu wangepata zote.

Kazi ni ileile popote utakapopangiwa: unaingia darasani pamoja na mwalimu wa Kijapani, ukiitwa ALT, yaani mwalimu msaidizi wa lugha. Kinachotofautiana ni mkono unaokulipa. JET, mpango wa serikali ulioanza 1987, unakulipia nauli ya ndege na mshahara wa miezi yote 12, na mkataba wa mwaka unaweza kuongezwa hadi miaka mitano. Ila huchukua raia wa nchi zinazoshiriki tu. Bodi za elimu za miji nazo huajiri moja kwa moja, na nafasi hizo mara nyingi humwendea aliyekwishaishi Japani. Mlango ulio wazi zaidi ni kampuni za uwakala, zinazokuajiri zenyewe na kukupeleka shuleni. Huko tarajia yen 200,000 hadi 250,000 kwa mwezi, na kifungu cha likizo kisome mara mbili: nyingi hupunguza malipo ya Agosti, ya mwisho wa Desemba na ya Machi kuingia Aprili, ilhali kodi ya nyumba haiendi likizo.

Tazama na saa. Ukiona 29.5 kwa wiki, ujue zimepimwa zisifike 30, kiwango cha kawaida cha kumlazimu mwajiri akuandikishe bima ya afya na pensheni ya wafanyakazi. Tangu Oktoba 2024, kampuni yenye wafanyakazi 51 au zaidi hutakiwa kumwandikisha hata wa saa 20, kwa hiyo uliza wako wangapi kabla hujasaini. Kuna pia mkataba ambao shule inanunua huduma tu. Hapo mwalimu wa darasa haruhusiwi kisheria kukupa maagizo, lazima yapitie kampuni. Ndiyo maana unaweza kumkuta amesimama kimya nyuma ya darasa. Si uvivu.

Mtanzania aliyesoma shule ya serikali ana kikwazo kingine. Viza ya kazi hii hudai shahada, pamoja na miaka 12 ya masomo yaliyofundishwa kwa Kiingereza. Darasa la kwanza hadi la saba alisoma kwa Kiswahili. Sekondari miaka sita na chuo mitatu ni tisa tu. Aliyepitia mchepuo wa Kiingereza tangu msingi aombe mapema barua ya shule inayotaja lugha ya kufundishia.

Sasa darasani. Kipindi cha msingi ni dakika 45, cha sekondari 50. Tangu 2020 darasa la tano na la sita wana vipindi 70 kwa mwaka, la tatu na la nne 35, yaani kimoja au viwili kwa wiki. Watasahau, kwa hiyo maneno mapya sita hadi manane yanatosha. Kadi chapa kwa ukubwa wa A4, sumaku nyuma (ubao ni wa chuma), la sivyo aliye mstari wa mwisho haoni kitu. Mchezo usiueleze: uchezeni wewe na mwalimu mbele yao, polepole, kisha waanze. Michezo mingi hufa kwa sababu maelezo yamekula dakika kumi.

Kwenye matamshi Mswahili ana faida. Watoto huongeza irabu baada ya konsonanti, kama sisi tulivyopata basi na benki, hivyo kosa unalisikia upesi. Waambie wapige kofi kwa kila silabi: "desk" ni kofi moja, wao hupiga matatu. Wakishaona tofauti kwa mikono, ulimi hufuata.

Chakula cha shule ni nafuu na hulipiwa kwa mwezi. Mwislamu aombe orodha ya vyakula ya mwezi mapema, maana nguruwe huingia hata kwenye supu. Ukishaongea na makamu mkuu, kubeba chakula chako si tatizo. Beba na viatu vya ndani.

Kodi ya makazi (inayotozwa na serikali ya mji, si pango) huanza Juni ya mwaka unaofuata, ikikokotolewa kwa mapato ya mwaka uliopita, hivyo fedha ya mkononi hupungua ingawa mkataba haujabadilika. Ukiondoka, dai pensheni yako: uwe umechangia angalau miezi sita, uombe ndani ya miaka miwili, na hesabu haivuki miaka mitano ya michango. Kwenye pensheni ya wafanyakazi hukatwa kodi ya takriban asilimia 20. Ili uirudishe, teua msimamizi wa kodi anayebaki Japani kabla hujapanda ndege, na utoe taarifa ya kuhama kwenye ofisi ya mji. Asiyetoa huendelea kuhesabiwa mkazi, na ombi lake hukwama.