Duka la dawa karibu na soko la Mbuyuni, Moshi: dada wa pale anaijua kazi

Fangasi za ukeni zilinirudia mara ya nne ndani ya mwaka. Nilishajaribu sabuni ya kunukia, hata kitunguu saumu (msiniulize, kiliniunguza). Dada huyu hakunicheka. Alinivuta pembeni akauliza kama nimemeza antibayotiki karibuni. Ndiyo, za UTI (maambukizi ya njia ya mkojo). Akasema: nawa nje kwa maji matupu, ndani usiguse, vaa chupi za pamba, mtindi kunywa tu usipake. Na ikishafika mara nne, acha kujitibu, kapime sukari na uchafu wa ukeni. Siku hiyo hakuniuzia kitu! Klotrimazoli, dawa ya fangasi, nilipewa niliporudi na cheti cha daktari. Kasoro ni foleni ya jioni: unaeleza shida yako huku aliye nyuma katega sikio. Nendeni asubuhi.