Makasha ya Aina ya B ya kubebea taka za mionzi: nyota 4 kati ya 5

Wengi mkitaka kujua kama haya makasha ya Aina ya B, yaani yale ya vitu vyenye mionzi mikali, ni imara mnatumiwa ile video ya Old Dalby kule Uingereza, 17 Julai 1984, kichwa cha treni bila dereva kinakuja na mabehewa yake matatu spidi kama kilomita 160 kwa saa kinalivaa kasha la chuma la karibu tani 50 lililolazwa relini. Treni iliharibika kabisa. Kasha lilijazwa maji na presha ya psi 100 (psi ni kipimo cha presha) na baada ya kugongwa hivyo ilipungua hata psi 1 haikufika. Ni kweli na inasisimua sana, ila mimi sio hiyo iliyonifanya niyaamini.

Kilichoniaminisha ni mtihani ambao hauna mbwembwe kabisa. Kanuni za IAEA, lile Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, zinasema kasha la aina B lidondoshwe kutoka mita 9, na hapo watu wanasema aah mita 9 tu si ghorofa tatu hivi, spidi yenyewe inafika kilomita 48 kwa saa basi. Sasa angalieni linadondokea wapi. Ni sahani nene ya chuma iliyoshikizwa kwenye bonge la zege ambalo halibonyei wala halisogei, kule Horstwalde Ujerumani BAM, taasisi ya serikali ya kupima vifaa, wana zege la zaidi ya tani 2,000 chini ya mnara wa mita 36. Treni ile ilijikunja yenyewe ikala sehemu kubwa ya nguvu ya mgongano, na ukuta au udongo nao ungebomoka kidogo ukapunguza makali. Sahani haikusaidii kitu, nguvu yote inarudi kwenye kasha, ndio maana kilomita 48 za pale si za kudharau hata kidogo.

Halafu hawaliachi. Kasha lile lile, sio jipya, linadondoshwa tena mita 1 juu ya nondo nene ya chuma yenye kipenyo cha sentimita 15 iliyosimamishwa wima, na wanachagua pembe itakayoumiza zaidi, mfano ukingo wa mfuniko. Likishapondeka hivyo ndio linaingia motoni, nyuzi 800 za Selsiasi kwa dakika 30. Hapa ndipo napapenda sana maana ajali ya kweli nayo haikupi kasha jipya kabla ya moto kuwaka.

Baada ya mitihani yote hiyo mwilini mwa kasha kuna mabonyeo, vile vifyonza mshtuko vya pembeni vinapondeka kabisa na ndio kazi yao, usishtuke ukiviona. Mimi macho yangu yako kwenye mfuniko. Ukuta wa chuma hautoboki kirahisi, shida ni bolti zikivutika kidogo tu au mfuniko uteleze milimita chache, gasketi, ule mpira au pete ya kuziba kati ya mfuniko na kasha, inapoteza mgandamizo na hapo ndo pa kuvujia. Kwa macho huoni kitu, ndio maana wanapima kwa gesi ya heliamu, chembe zake ni ndogo zinapenya hata mwanya usioonekana.

Nyota moja naikata na sina msamaha kwenye hili. Makasha mengi makubwa hayadondoshwi yakiwa saizi kamili, wanatengeneza dogo la mfano kisha la kweli wanalihesabia kwenye kompyuta. Kanuni zinaruhusu, na hesabu zikilinganishwa vizuri na mdondosho halisi zinafaa, lakini gasketi na bolti hazipungui tabia sawasawa na ukubwa wa kasha, yaani pale pale penye udhaifu ndipo mfano mdogo unapokuambia kidogo. Wadondoshe angalau moja la saizi kamili kwa kila muundo mpya, na wakitoa video watoe na kipimo cha uvujaji cha kabla na baada ya kila anguko.